Mota ya kupanda Bugando

Mdogo wangu alitaka mota ya bei ghali, mimi nikanunua ya bei rahisi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu hudhani kosa lilikuwa lake, kwa vile yeye ndiye dereva.

Bajaji ilikuwa ya marehemu baba. Injini yake ya petroli ilikuwa imefika mwisho: inakula oili, inatoa moshi, asubuhi lazima isukumwe. Tukakubaliana tuing'oe, tuweke umeme. Mimi ni mwalimu, nina mshahara, kwa hiyo pesa zilikuwa zangu na neno la mwisho likawa langu. Nilitazama namba moja tu: wati 3000. Ile aliyoitaka yeye iliandikwa 5000, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili. Nikamwuliza, bajaji ya kuzunguka Mwanza hapa inataka wati 5000 za nini? Akasema, "Sawa, kaka."

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Haina kelele, inaondoka kama imesukumwa na upepo. Siku ya tatu akapakia bibi mmoja na wanawe wawili wanaompeleka hospitali, Bugando. Anayeijua Mwanza anakijua kile kilima. Katikati ya mlima ikaanza harufu kama ya plastiki kwenye jiko la mkaa, kisha ikasimama. Wale wanawe wakashuka wakasukuma, bibi akiwa ndani. Nauli hakuichukua.

Fundi alipoifungua, waya za shaba ndani zilikuwa nyeusi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliuliza ile 3000 ni ya muda gani. Kumbe mota ina nguvu mbili: ile ya kilele, inayoweza kuitoa kwa sekunde chache, na ile inayoweza kuitoa mchana kutwa bila kuungua. Yangu ilikuwa imeandikwa ya kilele. Ya kudumu ilikuwa 1500.

Jambo lililonikaa zaidi ni hili. Injini ya petroli ikizidiwa huzima. Mota ya umeme haikatai mzigo. Inavuta umeme zaidi na kuendelea kujikaza. Umeme ukizidi mara mbili, joto ndani ya waya linazidi mara nne. Kontrola ndiyo ya kuizuia, na yetu tulikuwa tumeiachia ili bajaji iwe na mbio. Nikaikumbuka ile "sawa, kaka".

Safari hii tulipiga hesabu kwanza, sisi watatu, nyuma ya daftari la mahudhurio. Bajaji na betri, dereva na abiria watatu: kilo 700. Mlima tukaukadiria kupanda mita 10 kwa kila mita 100. Mwendo, kilomita 20 kwa saa. Jibu likaja zaidi kidogo ya kilowati 4 kwenye magurudumu, na hizo ni za mlima mzima, si za sekunde chache. Kwa betri ya volti 72 hiyo ni zaidi ya ampea 55.

Tukachukua ya kilowati 5 za kudumu, na fundi akabadilisha gia ili mota izunguke mara 10 gurudumu likizunguka mara moja. Hapo mota inafanya kazi kwa wepesi, ila kwenye barabara tambarare mbio zimepungua. Bodaboda zote zinatupita. Mdogo wangu hilo halimsumbui. Mimi lilinisumbua wiki nzima, sijui kwa nini, wala siendeshi.

Sasa akifika juu Bugando na abiria wakishashuka, anainama nyuma na kuweka kiganja juu ya mota. Ikiwa ya vuguvugu, anageuza. Ikiwa ya moto anakaa kivulini kidogo, hata abiria wakimwita.