Mzee Aliyekatwa: Suala la Matini Kamili katika Kibanda cha Video cha Ruiri

Suala la matini kamili limewashughulisha wahakiki kwa muda mrefu. Katika fasihi andishi, mhakiki huutafuta mswada wa mwandishi na kuulinganisha na matoleo ya baadaye. Katika fasihi simulizi hana mswada wa kutafuta, kwani ngano huzaliwa upya kila inapotambwa. Filamu hudhaniwa kuwa jamaa ya kitabu. Historia yake, hata hivyo, yaielekeza upande wa ngano.

Mfano mwafaka ni Enter the Dragon, iliyoelekezwa na Robert Clouse. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na mwezi uliofuata filamu ikatoka Marekani pasipo mazungumzo ya mhusika wake na mtawa mkuu wa Shaolin. Onyesho hilo lilirudishwa mwaka 1998, katika toleo la kuadhimisha miaka 25. Humo mtawa anamfunza kijana wake kwamba adui hujificha nyuma ya taswira, na anayeivunja taswira humvunja adui. Pengo lenyewe ni dogo kwa dakika, lakini ni kubwa kwa maana. Lee anapovunja vioo ili ampate Han, mtazamaji wa toleo la awali huona werevu wa mpiganaji. Yule wa toleo la 1998 huona utiifu wa mwanafunzi aliyelikumbuka somo.

Yupo msomi mmoja aliyekulia Ruiri, katika Meru, ambaye aliitazama filamu hiyo utotoni katika kibanda cha video sokoni, kwa kanda ya toleo la awali. Sauti ya Kiingereza ilipunguzwa, na mtafsiri akasimulia juu yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru, kwa mtindo ambao DJ Afro aliupatia umaarufu kote nchini Kenya. Kwa mtafsiri huyo, haikuwezekana kijana aende vitani bila baraka. Basi akasema kwamba Lee ametumwa na Njuri Ncheke ya kwao, na kwamba mzee mmoja amemnong'oneza neno la kutumia siku ya hatari. Vioo vilipovunjika, akatangaza kuwa neno la mzee limetimia.

Miaka mingi baadaye, akiandika tasnifu yake, msomi huyo alilitazama toleo la 1998 kwa nia ya kuyaorodhesha makosa ya mtafsiri. Alimkuta mzee.

Mhakiki mwangalifu atasema kwamba hii ni sadfa, na huenda ikawa hivyo. Lakini fanani yeyote mwenye kuijua jamii yake hutambua mahali ambapo kisa kimepungukiwa na sababu, naye huijaza kwa mali aliyonayo. Aidha, huijaza mbele ya hadhira iliyo na uwezo wa kumzomea.

Ni katika hoja hii ya hadhira ambapo aina za ukataji hutengana. Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Rafiki, ya Wanuri Kahiu. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, alikuwa ametakiwa kuubadilisha mwisho wake uliobeba matumaini, naye akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mtafsiri wa Ruiri aliongeza kisichokuwepo ili watu waelewe walichokiona. Bodi ilitaka kiondolewe kilichokuwepo kabla mtu yeyote hajakiona. Wote wawili huweza kuitwa wahariri, lakini ni mmoja tu aliyekaa na watazamaji gizani.

Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu ile, sura iliyowahusu watafsiri wa vibandani iliitwa "Upotoshaji". Msomi alilikata neno hilo. Sura hiyo sasa inaitwa "Utambaji".