Mfumo Endeshi Huria Katika Nyumba Moja ya Nyegezi

Historia ya kompyuta za nyumbani huko Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, kwa sehemu kubwa ni historia ya mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoamsha mashine, kugawa kumbukumbu yake na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Baada ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kuanzishwa mwaka 1998 katika eneo la Malimbe, juu ya msingi wa taasisi ya mafunzo iliyokuwapo tangu mwaka 1960, wanafunzi na walimu waliongezeka, stesheneri za kuchapa na kutoa nakala zikafuatana kando ya barabara, na kompyuta za mtumba zikaanza kuingia katika nyumba za kawaida. Karibu zote ziliingia zikiwa na Windows XP, kiasi kwamba kwa familia nyingi, ikiwemo ya mwandishi wa kumbukumbu hii, kompyuta na Windows vilikuwa kitu kimoja.

Utegemezi huo ulikuwa na gharama zake. Nakala nyingi zilizozunguka mitaani hazikuwa na leseni, yaani kibali cha mwenye haki, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Virusi vilisafiri kwa flashi kutoka stesheneri hadi sebuleni, vikaficha mafaili na kuacha vivuli vyake tu kwenye skrini, na dawa iliyozoeleka ilikuwa kumwita fundi apige Windows upya, kazi ambayo mara nyingi ilifuta picha za harusi, barua za ofisi na maandishi ya masomo ambayo hakuna aliyekuwa ameyanakili mahali pengine. Familia ililipa, ikashukuru, na baada ya muda ikamwita tena, bila kuelewa kilichokuwa kikitendeka ndani ya mashine iliyokuwa mali yake.

Njia nyingine ilikuwapo muda wote huo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuandika mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux, kiini kinachounganisha programu na vifaa vya kompyuta. Programu za namna hiyo huitwa programu huria. Afrika nayo haikukaa kando, kwa kuwa mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo endeshi huria ambao kwa miaka kadhaa santuri zake zilitumwa bure kwa posta, na mwaka huohuo mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea iliyozungumza Kiswahili.

Kilichoifanya familia hiyo ya Nyegezi igeuke ni tarehe 8 Aprili 2014, siku ambayo Microsoft ilisitisha masasisho ya usalama ya Windows XP, huku kompyuta iliyokuwapo nyumbani ikiwa dhaifu mno kubeba toleo jipya. Siku 9 baadaye lilitoka toleo la 14.04 la Ubuntu pamoja na tawi lake jepesi, Lubuntu, lililotengenezwa kwa ajili ya mashine zenye nguvu ndogo. Faili lake la takribani megabaiti 700 lilikuwa zito kwa bando la wakati ule, hivyo lilipatikana kwa kunakiliwa kutoka kwa mwanafunzi mpangaji, tendo ambalo safari hii leseni yenyewe ililiruhusu. Mfumo ulijaribiwa kwanza ukiendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani, mafaili yote yakanakiliwa pembeni, na hapo ndipo ukasakinishwa.

Mabadiliko hayo hayakuwa mepesi. Kifaa cha intaneti isiyotumia waya kilikosa kiendeshi, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa, na ililazimu kitafutwe kwa kutumia kompyuta nyingine. Nyaraka zilizoandikwa kwa LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu mwaka 2010, zilipofunguliwa stesheneri zilivurugika mistari, mpaka ikawa desturi kuzihifadhi kwanza kwa muundo wa PDF. Menyu za Kiswahili nazo hazikukamilika, na maneno ya Kiingereza yaliendelea kuchanganyika nayo. Hata hivyo virusi vya flashi, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, vilikosa pa kushika, na radi za usiku za Ziwa Victoria zilipoukata umeme ghafla, mfumo uliweza kuwaka tena kwa sababu huweka daftari la mabadiliko ya diski, ingawa kazi ambayo haikuhifadhiwa ilipotea kama zamani.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la watu. Vijana wa nyumba hiyo walijifunza kuandika amri, kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho na kutenganisha hitilafu ya kifaa na hitilafu ya programu, na fundi akabaki kuitwa kwa kazi inayohitaji bisibisi. Uhuru huo nao una mipaka yake, kwani Debian 13, toleo la mfumo mwingine huria lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, na mashine zikongwe kabisa zimeanza kuachwa nyuma hata huku. Tofauti ni kwamba msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya programu, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuendeleza.

Suala hili limerudi upya, kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi nzima zitahesabiwa kuwa zimepitwa na wakati. Wazazi na walimu wa Mwanza wenye mashine kama hizo wasizitupe wala kuziuza kwa bei ya chakavu kabla ya kuwasha mfumo huria kutoka kwenye flashi na kuona kama zinafaa, na shule zinazofundisha kompyuta ziwaonyeshe wanafunzi zaidi ya mfumo mmoja, ili kizazi kinachokuja kiwe na uwezo wa kuchagua.