Karatasi ya Ndani ya Boksi

Mama anameza omeprazoli kila asubuhi, mwaka wa 3 sasa, kwa sababu ya kiungulia. Karatasi ya ndani ya boksi ni ya Kifaransa. Juzi aliniomba nimsomee. Kwa "effets indésirables" sikutumia "madhara", neno linalotisha kama sumu. Nilisema "mambo mengine ambayo dawa inaweza kuleta". Kuumwa kichwa, kuharisha: hayo hayakumshtua. Nilipofika kwa wanaoitumia muda mrefu, kwamba magnesiamu yaweza kupungua mwilini na misuli ikakakamaa, alinikatiza:

"Ndiyo hii inayonikamata miguu usiku?"

Hapo tafsiri haikutosha. Nilimwomba tu asiiache ghafla, maana asidi huweza kurudi kwa nguvu. Jumatatu tunakwenda kupima damu.