Baiskeli ya Pamba na Uenyeji wa Mashindano ya Dunia

Sisi tuliolelewa Lalago, wilayani Maswa, katika mkoa uitwao Simiyu tangu 2012, hatukuijua baiskeli kuwa chombo cha mchezo. Ilikuwa mali ya nyumba, ikitajwa kwa pumzi moja na ng'ombe na plau. Msimu wa pamba ulipokwisha na malipo kutolewa, aliyejaliwa alinunua Swala, iliyoundwa nchini humu, ama Phoenix ya Uchina. Kabla haijafika nyumbani ilipitishwa kwa fundi iongezewe vyuma kwenye keria, maana hapana aliyeamini kwamba keria ya kiwandani ingestahimili gunia la pamba. Baiskeli hiyo ilipeleka mtama mashineni, mgonjwa zahanati, na bibi arusi kwa mumewe.

Kushindana, hata hivyo, tulikujua sana. Wasukuma tangu karne ya kumi na tisa wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyopata majina yao kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hadi leo sikukuu ya Bulabo, huko Bujora karibu na Mwanza, huendeshwa hivyo. Kwa hiyo mtu wa kwetu ajua tangu utotoni kwamba mwenye kuita shindano hujiweka yeye mwenyewe katika mizani: watu wataupima uwanja wake, maji yake na usalama wa njia zake kabla ya kuupima ufundi wa wachezaji.

Ndipo tukavutiwa na habari za jirani yetu Rwanda. Mnamo Septemba 2021 nchi hiyo, iliyokuwa ikishindania nafasi hiyo na Moroko, ilipewa uenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya mwaka 2025. Yalikuwa hayajapata kufanyika Afrika hata mara moja, ingawa chama cha baiskeli cha dunia kiliundwa tangu 1900. Wako waliodhani kwamba Rwanda ilipata kwa bahati, au kwa fedha tu. Sisi hatukubaliani nao. Mbio zao za kuizunguka nchi zilianza 1988. Zikaingia katika kalenda ya kimataifa 2009, zikapandishwa daraja 2019. Mwanariadha wao Adrien Niyonshuti alishindana katika Olimpiki ya London 2012, na mwaka 2014 Valens Ndayisenga alizishinda mbio za kwao mbele ya wageni. Waliomba wakiwa na kitu cha kuonyesha.

Uenyeji huo haukuwa bila lawama. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, ng'ambo tu ya mpaka, na mwezi uliofuata Bunge la Ulaya likataka mashindano yaondolewe Kigali ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo wake huko Kongo. Hayakuondolewa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba anayewasha taa kubwa uani kwake huonyesha pia yale ambayo angependa yabaki gizani.

Yakafanyika, tarehe 21 hadi 28 Septemba. Shule za Kigali zilifungwa na watumishi wa serikali wakaombwa wafanyie kazi nyumbani (jambo ambalo sisi watumishi wenzao tulilisoma kwa wivu kidogo). Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilometa 267.5 juu ya vilima; Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Je, Tanzania nayo iombe? Katika kandanda tumekwisha kuthubutu: pamoja na Kenya na Uganda tulipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Katika baiskeli rai yetu ni kwamba tusianze na ombi. Usukuma una waendesha baiskeli wasiohesabika, wenye mapafu na miguu iliyozoea mzigo, ila hawajatengenezewa ngazi ya kupanda. Ipo barabara itokayo Kolandoto kupitia Lalago hadi Mwanhuzi. Mwezi wa saba, pamba ikiwa imeuzwa, zipigwe mbio hapo kila mwaka bila kukosa: kundi moja la baiskeli nyepesi, jingine la baiskeli zetu hizi zenye gunia juu ya keria, la wanawake na la wanaume. Zawadi tungeanza na ng'ombe. Waamuzi tunao wazee wa Bagika na Bagalu, ila itabidi waketi mbalimbali, kwani kuhusu nani ameshinda hawajapata kuafikiana.