Shangazi Alicheza Mechi Ngapi?

Jumamosi nilikuwa Pasadena, nje ya uwanja wa Rose Bowl, nimesimama mbele ya sanamu ya beki. Beki, jamani! Kwetu hata kwa wanaume, beki hukumbukwa siku aliyojifunga. Huyu, Brandi Chastain, amemwagiwa shaba: amepiga magoti, ngumi kazikaza, jezi kaivua iko mkononi. Binti yangu wa miaka tisa akapiga magoti kando yake, naye akakaza ngumi. Nikampiga picha, nikairusha kwenye kundi la ukoo.

Jibu la kwanza kutoka Dar: "Mbona huyo mama hajavaa?" La pili: "Ndiyo nani?" Nilikasirika mpaka nikaiweka simu kwenye mkoba.

Basi nimjibu hapa. Tarehe 10 Julai 1999, katika uwanja huohuo, Marekani na China walicheza fainali ya Kombe la Dunia la wanawake dakika 120 bila bao, mbele ya watu 90,185. Ikaja mikwaju ya penalti. Golikipa Briana Scurry akapangua mmoja wa Wachina, na mkwaju wa mwisho ukamwangukia Chastain. Miezi michache nyuma, dhidi ya China hiyohiyo, alikuwa amepiga kwa mguu wa kulia ukagonga mwamba. Kocha Tony DiCicco akamwambia safari hii atumie wa kushoto. Akautumia. Tano kwa nne. Jezi ikavuka kichwa.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni robo fainali ya mashindano yale dhidi ya Ujerumani. Dakika ya tano tu akajifunga. Mwingine angetafuta shimo ajifukie. Yeye kipindi cha pili akasawazisha, ikawa mbili kwa mbili, na wenzake wakamalizia la tatu. Wala hakuanza kama beki. Alikuwa mshambuliaji, aliwahi kuwafunga Mexico mabao matano katika mechi moja mwaka 1991, kisha akaachwa nje ya timu. Mlango wa kurudi ulikuwa mmoja: akubali kucheza nyuma. Akakubali, na 1996 akavaa dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta.

Usiku ikaja sauti ya shangazi. Shangazi yangu huandika kwa shida, kwa hiyo hutuma sauti. "Mwanangu, huyo alikuwa beki kama mimi?" Nikamwambia ndiyo. "Alicheza mechi ngapi?" Nikamjibu bila kufikiri, maana imeandikwa kila mahali: 192 za timu ya taifa, mabao 30. Nikamuuliza, "Na wewe je, shangazi?" Pakapita kimya, nikasikia feni inazunguka. Akasema, "Mama, nani alikuwa anahesabu?"

Shangazi alikuwa kisiki. Babu aliambiwa anakwenda kusukwa, na kweli alirudi kasukwa, kwa sababu wachezaji walisukana pembeni ya uwanja kabla ya mechi. Kanga juu, bukta chini. Daluga zilikuwa za baba yangu, namba mbili zaidi ya mguu wake, amezijaza matambara mbele. Mitaani waliwaita majike dume. Alipoolewa hakutundika daluga; aliambiwa azigawe, akazigawa. Hakuna picha hata moja.

Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipofuzu fainali za Afrika 2010 kule Afrika Kusini tulishangilia, kisha tukakaa kungoja mpaka Morocco 2025. Katikati hapo ni mabeki wangapi wamepita, wakastaafu kimyakimya, wakafungua genge la nyanya? Wanaosema fedha ndiyo tatizo, nakubali, shaba ni ghali. Lakini daftari na kalamu?

Huku Chastain hajaachwa awe sanamu tu. Yeye na wenzake watatu waliocheza timu ya taifa ni waanzilishi wa klabu ya Bay FC, hapa California alikozaliwa. Mwaka 2024 klabu hiyo ilimnunua Racheal Kundananji wa Zambia kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia kwa mchezaji wa kike. Binti wa majirani zetu, jamani. Nilimwambia shangazi, akacheka, halafu akauliza kama wanahitaji beki.

Kwa hiyo naomba. Wewe uliyekuwa ukisimama kwenye vumbi ukitazama wasichana wakicheza, uliyekuwa refa, uliyekuwa na kamera: fungua sanduku, tafuta. Shangazi yangu alicheza beki wa kati, Temeke, kuanzia 1994 hadi 2001, jezi namba 5. Kama ulikuwepo hata mechi moja, niandikie. Nimenunua daftari, na ukurasa wa kwanza uko wazi.