Vyuma Vikuukuu vya Ongata Rongai

Mtu atokaye Nairobi kwa njia ya Magadi, akiisha kupita ukingo wa Mbuga ya Wanyama, huteremka mpaka mto Mbagathi, na akiuvuka tu huwa ameingia Kaunti ya Kajiado. Mji wa kwanza aukutao ni Ongata Rongai. Jina hili ni la Kimaasai, nalo maana yake ni uwanda mwembamba. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe. Kisha katika miaka ya 1950 wakaja wachimba mawe ya kujengea, na hata leo mtaa mmoja wa mji huitwa Kware kwa sababu ya machimbo hayo. Sasa ni mji mkubwa wa majumba ya ghorofa, na wengi wa wenyeji wake huamka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi usiku.

Mji ukikua, taka nazo hukua. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuzoa taka imekuwa juu ya serikali ya kaunti, lakini miji hii ya pembeni hukua upesi kuliko magari ya kuzolea. Kisichozolewa hukaa kando ya barabara kikingoja mvua, na mvua ikinyesha hukisukuma mpaka Mbagathi. Mto huo hupita mpakani mwa Mbuga ya Wanyama, ukaingia mto Athi, na Athi huishia baharini karibu na Malindi, ambako huitwa Sabaki. Basi taka iliyotupwa Rongai huweza kusafiri safari ndefu kuliko yule aliyeitupa.

Lakini mgeni akitazama vizuri marundo hayo ya taka, ataona ya kuwa chuma hakimo. Maganda ya viazi yamo, karatasi na matambara yamo, bali msumari, kopo, bati la paa lililooza, au sufuria iliyotoboka havimo. Vimekwisha kuokotwa kabla jua halijawa kali. Mwokotaji hutembea na gunia begani. Aliyepata nafasi zaidi husukuma mkokoteni, akinunua nyumba kwa nyumba vitu vilivyoharibika. Jioni hupeleka mzigo wake kwenye uwanja wa mwenye mizani. Hapo vitu hutengwa kwa sumaku: kinachoshikwa ni chuma, na chuma bei yake ni ndogo, kisichoshikwa huenda ni alumini au shaba, na shaba ndiyo ghali kuliko vyote.

Watu wengi huwadharau waokotaji hawa kwa sababu ya nguo zao chafu. Dharau hiyo si mpya katika nchi hii. Wamaasai wa kale walikuwa na wahunzi wao walioitwa Ilkunono, ambao walifua mikuki na sime. Hakuna aliyeweza kwenda vitani bila kazi ya mikono yao, walakini wenyewe walitengwa, wala watu hawakupenda kuoana nao. Vivyo hivyo mwokotaji wa leo huusafisha mji bila mshahara wa mtu yeyote, na mji humwita mchafu.

Yafaa tujue vyuma hivyo huenda wapi. Alumini huyeyuka kwa joto la digrii 660 za sentigredi, joto ambalo fundi wa jua kali huweza kulipata kwa makaa na kipulizio. Huimimina katika kalibu ya mchanga, akatoa sufuria mpya. Tena kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji kama sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu inayohitajiwa kuitoa katika udongo wake. Lakini chuma huhitaji digrii zaidi ya 1,500, na joto hilo halipatikani kwa makaa ya uani. Kwa hiyo chuma hupakiwa katika malori, kikapelekwa kwenye viwanda vyenye matanuru ya umeme, kama vile vya Athi River, mji ulio jirani na Kitengela. Huko huyeyushwa kikawa nondo, na nondo hurudi Rongai na Kitengela kushika sakafu za majumba yale ya ghorofa. Kitanda kilichovunjika huweza kuwa nguzo ya nyumba ya jirani.

Wala si chuma peke yake kiwezacho kuzaliwa mara ya pili. Ukitoka Rongai kuelekea mashariki, upande wa Tuala, kuna karakana iitwayo Kitengela Glass, juu ya bonde la Mbagathi, ikitazamana na Mbuga ya Wanyama. Ilianzishwa na Bibi Nani Croze, msanii aliyezaliwa Ujerumani. Mafundi wake huyeyusha vioo vya taka, wakavipuliza kwa pumzi vikawa bilauri, taa na shanga.

Hata hivyo biashara hii ina ubaya wake, nao hutoka mahali pale pale utokapo uzuri wake, yaani katika bei. Mizani haijui kama chuma kimeokotwa jalalani au kimeng'olewa mahali pake. Vifuniko vya mitaro, vyuma vya kingo za barabara na nyaya za umeme vimeibwa mara nyingi. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ya njia itokayo Kiambere ilianguka jijini Nairobi, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Ilionekana ya kuwa vyuma vya minara hiyo vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, na marufuku hiyo ilidumu mpaka mwezi wa Mei. Samaki mmoja akioza, huoza wote: kwa miezi ile mwokotaji mwaminifu alikosa kazi yake kwa dhambi ya mwizi.

Ubaya wa pili ni sumu. Wako wachomao nyaya ili kupata shaba, na moshi wake huwadhuru wao na majirani. Mbaya zaidi ni betri kuukuu za motokaa, kwa kuwa ndani yake mna asidi na risasi. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwatia wakazi sumu ya risasi, hata watoto wachanga. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Sumu ya risasi ikiisha kuharibu akili ya mtoto, fedha haziwezi kuirudisha. Basi mtu asivunje betri nyumbani kwake, wala asiwape watoto kazi hiyo.

Dawa ya mambo haya si kuifunga biashara, maana tukiifunga, vyuma vitalala mitaroni pamoja na taka nyingine. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aandike anunuacho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye mizani aulizaye jina la muuzaji na asili ya mzigo ni mlinzi wa mji mzima. Asiyeuliza ni mshiriki wa mwizi, hata kama mikono yake haikushika msumeno.

Nasi wenye nyumba tunayo sehemu yetu. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yatutaka tutenge takataka nyumbani kwetu, zile zinazooza mbali na zile zisizooza. Si kazi kubwa: ni vyombo viwili badala ya kimoja. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula, na mkulima ajuaye thamani ya mbolea hawezi kuviona vitu hivyo kuwa uchafu. Vyuma na vioo vikikaa peke yake, mwokotaji atavipata bila kufukua uozo kwa mikono mitupu. Chuma kimepata mtu wa kukitafuta kwa sababu kina bei. Vilivyobaki havina bei bado, na kwa hiyo vinatungoja sisi.