Magunia, Vumbi na Taa Ndogo Nyekundu: Safari ya Nakivale hadi Mbarara



Mwezi wa saba ni mwezi wa magunia hapa kwetu Nakivale. Mvua za Machi hadi Mei zimepita, mahindi na maharage yamekauka, na alfajiri malori yanapakia kuelekea Mbarara. Safari hii sisi familia 11 tulichanga pesa, tukakodi lori moja la zamani, tukapanda juu ya mali yetu. Tunawaletea habari ya njia hiyo pamoja na habari ya umeme wa lori, maana familia nyingi zinasafiri na magari ya namna hii, na siku ile umeme ndio uliotaka kula mavuno yetu.

Kuondoka Base Camp kulianza kwa kusukuma. Papa dereva aligeuza ufunguo, stata ikalia "tk, tk" ikanyamaza. Vijana wakashuka, wakasukuma, lori likawaka. Mama mmoja akauliza, "Papa, kama betri imekufa, tutafika kweli?" Alijibiwa vizuri: injini za dizeli za zamani zina pampu ya mafuta inayozungushwa na injini yenyewe, basi nyingi zikishawaka zinaendelea hata bila umeme. Ni kweli. Lakini taa za mbele haziwashwi na dizeli, na ndiyo maana tuliambiana turudi kabla ya giza.

Njia inaanza kwa vumbi. Unaacha nyuma vibanda vya New Congo, na ziwa Nakivale linang'aa kama bati jipya, ziwa la samaki na la viboko. Wa kwanza kupewa hifadhi katika ardhi hii walikuwa Wanyarwanda waliokimbia nchi yao mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo sokoni unasikia Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiamhari. Baadaye vilima vinapanda, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanasimama katikati ya njia bila haraka yoyote, na migomba inafunika mabonde. Upande wa Isingiro tunashika lami, lori linapata nguvu, na baadaye Mbarara inajitokeza, mji uliomjengea ng'ombe sanamu barabarani.

Magunia yaliuzwa kabla ya saa sita. Bei haikuwa mbaya. Akina mama walifunga pesa kwenye vitenge: hii ya ada ya shule, hii ya mbegu za Septemba, hii ya dawa. Ndipo lori likakataa kuwaka, na safari hii tulikuwa mahali pa kilima, kusukuma haiwezekani.

Fundi wa kwanza alikuja, akatazama dakika mbili, akasema: "Altaneta imekufa. Nunueni nyingine." Altaneta, ile ambayo wengi wetu tunaiita dinamo, ndiyo inayozungushwa na mkanda wa injini na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa mapatano yetu na mwenye lori, ubovu wa njiani ulikuwa juu ya waliokodi. Na bei aliyotaja ingemeza ada ya muhula ya watoto kadhaa. Palikuwa na kimya. Papa dereva akasema neno moja: "Hajapima." Tukaenda kutafuta fundi mwenye mita.

Yule wa pili alikuwa mzee wa maneno machache. Tulikaa naye, tukamtazama hatua kwa hatua, na hatua hizo ndizo tunazowaandikia.

Kwanza alizima sigara ya kijana aliyesimama karibu. Betri inayochaji inatoa hewa inayowaka kwa cheche moja tu, na maji yake ni asidi inayopofusha macho.

Akaubonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole gumba. Ulishuka kama sentimita moja, haukuwa na nyufa wala kung'aa kwa kuteleza. Mkanda ni mzima, akapita.

Akapima betri. Lori kama hili ni la volti 24: betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa kufuatana. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma karibu 12.6. Ya kwanza ilisoma 12.3. Ya pili 11.4, yaani imekwisha. Kwa nini mbili zinazofanya kazi pamoja zitofautiane? Akafuata waya kwa mkono, akakuta nyaya mbili nyembamba zimefungwa kwenye betri ya pili peke yake. Moja ilikwenda kwenye redio, nyingine kwenye mahali pa kuchajia simu. Kumbe kila wimbo na kila simu vilikuwa vinanyonya betri moja, na mwenzake hajui. Altaneta haiwezi kuzirudisha sawa: inajaza zote mbili kama kitu kimoja, hii inabaki na njaa na ile inashiba kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka.

Betri ile dhaifu ikafunguliwa, ikapelekwa kuchajiwa peke yake kwa saa kadhaa. Hapo ndipo siku yetu ilipoliwa.

Iliporudishwa, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akauliza: "Taa nyekundu yenye picha ya betri iko wapi?" Haikuwaka. Watu wengi wanafurahi wakiona dashibodi haina taa nyekundu. Kumbe taa hiyo lazima iwake ufunguo unapofunguliwa, kisha izimike injini ikishika. Na katika altaneta nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye kibalbu hicho ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Kibalbu kikiungua, altaneta inalala. Siku nyingine, injini ikipigwa sana mlimani, inaamka yenyewe, ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka na kuwachanganya watu.

Kibalbu kipya kilikuwa na bei ya chapati chache. Taa ikawaka. Injini ikawaka. Taa ikazimika.

Wengine tulianza kupiga makofi, mzee akainua mkono. Akapima nyuma ya altaneta: volti 28. Akapima kwenye betri: 26.6. Zaidi ya volti moja ilikuwa inapotea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye chasi na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, injini ikiwa inazunguka. Palitakiwa kuwa karibu na sifuri, pakasoma zaidi ya volti moja. Basi ni waya wa ethi, ule tunaouita masi: mahali unapofungwa kwenye chasi palikuwa na kutu na rangi ya zamani. Alizima injini, akafungua, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Betri zikasoma karibu 28. Ndivyo inavyotakiwa kwa lori la volti 24.

Altaneta ile ile ya asubuhi, iliyokuwa "imekufa".

Tuliondoka Mbarara jua likizama. Giza lilitukuta kwenye vumbi, na hapo tukaelewa tulichokiokoa. Bodaboda zisizo na taa zilijitokeza mbele yetu, ndama akalala barabarani, watoto wa shule ya mbali wakitembea pembeni. Papa dereva aliwaona wote mapema. Akina mama nyuma walikuwa na pesa yao kwenye kitenge.

Basi ndugu, kabla familia yako haijapanda au haijakodi lori la zamani, muombe dereva afungue ufunguo mbele yako. Taa ya betri iwake, kisha izimike. Tazama kama kuna nyaya zimefungwa kwenye betri moja tu. Anayetaka redio anunue kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Dereva akifungua kichwa cha betri injini ikizunguka, mwambie kwa heshima aache, maana hivyo ndivyo altaneta nzima inavyouawa. Na fundi akikuambia ununue kitu, muulize swali moja: "Mita imesoma ngapi?"

Hata kwa wenye betri za sola nyumbani ni hivyo hivyo. Kabla ya kusema betri imekufa, safisha vichwa vyake, kaza waya, tazama maji. Ada ya mtoto inaweza kuwa imejificha chini ya kutu.

Tunawatakia mavuno mema na safari njema.